Masega Chini ya Gari la Babu Yako

Awuor wangu,

Usicheke mwandiko, si wangu. Unajua mimi sikuingia darasani hata siku moja. Ninasema, na Mama Zuhura wa duka la vitambaa anaandika, na kwa kuwa yeye ametoka Pwani na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu na bei, barua hii imekuwa ya Kiswahili. Labda ni sawa. Kosa ninalotaka kukuambia nililifanya sokoni, na nililifanya kwa Kiswahili.

Wewe sasa uko nyumbani unapanga nguo, unafikiri Dani, nyanya yako, amekwenda kununua unga. Unga nimenunua, uko hapa chini ya kiti. Nimemwambia Mama Zuhura asipunguze neno hata moja, na kila akimaliza ukurasa ananisomea. Simwamini sana. Ananitazama vibaya sasa hivi, lakini ameliandika hilo pia.

Sitakuambia ule nini wala ufue lini. Nataka kukuambia habari ya mtu unayekwenda kufanya kazi kwake kesho huko Homa Bay. Siku uliporudi kutoka chuo cha ufundi ukiruka mlangoni, "Dani, nimepata gereji! Fundi anaitwa Ochola, mwalimu anasema ni mkali lakini anafundisha," mimi nilikuwa nachambua omena, hawa dagaa wetu wa ziwani. Sikuinua kichwa. Ukaniuliza, "Dani, hufurahi?" Nikakwambia pilipili imeniingia machoni. Hapakuwa na pilipili, Awuor. Nani anachambua omena na pilipili?

Ninamjua Ochola. Mimi ndiye niliyemfukuza hapa soko la Suna.

Ulikuwa bwenini, kidato cha pili. Ulichosikia ni kwamba fundi fulani aliiba vitu kwenye gari la marehemu babu yako, basi. Sasa sikiliza yote.

Gari lile unalijua, lile kuukuu linalovuta magurudumu yote manne, ambalo babu yako alilipenda kuliko meno yake. Lilikuwa linanibebea magunia ya omena kutoka Sori mpaka Suna, na kwa barabara ile wakati wa mvua hakuna gari jingine lingepita. Mwaka ule likaanza kuchoka. Kwenye mwinuko linalia tu, haliendi. Halafu likaanza kunuka, harufu ya mayai yaliyooza. Mimi nikajua kuna mtu ananifanyia mchezo. Nikawashuku akina mama niliowabeba. Nilimshusha mmoja wao, Min Otieno, pale Macalder na magunia yake, nikayapekua moja moja mbele ya watu, natafuta mayai. Akaniambia, "Wewe mama, hata Mungu akikuletea mbingu utaifungua uone chini kuna nini." Sikupata yai lolote. Sikumwomba radhi pia. Unaona nilivyo.

Ndipo nikampelekea Ochola. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, karibu na wachinjaji. Mtu mrefu, haongei, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akainua gari kwa jeki, akaweka magogo mawili chini kabla hajaingia. Halafu akayatikisa kwa mkono, akaenda kuchukua la tatu. Nilikaa pale kwenye ndoo nikihesabu huo woga wake kama uvivu. Mtu anayeogopa gari namna ile, Awuor, si mtu wa kuiba chini yake. Lakini hilo nililiona baadaye sana.

Akanigongea kitu kule chini. Kikalia kama mahindi kwenye debe.

"Dani, umesikia?"

"Nimesikia. Umevunja nini?"

Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba moshi wa gari unapita kwenye makopo mawili, moja kila upande, na ndani ya kila kopo kuna kitu chenye vitundu vidogo vidogo kinachosafisha moshi. Wewe unajua jina lake refu la Kizungu, mimi ulimi wangu haulitaki. Mimi naita masega, kwa sababu ndivyo yalivyo, kama nyumba ya nyuki. Akasema masega ya kopo moja yamevunjika, vipande vimeziba njia. La pili limeanza kuyeyuka. "Hii gari haipumui, Dani. Na harufu inatoka hapo. Lazima tubadilishe zote mbili. Lakini kwanza tubadilishe plagi, kwa sababu injini inatema mafuta bila kuchoma, na hayo mafuta ndiyo yameua masega. Ukiweka mpya na plagi ni hizi, zitakufa tena."

Kisha akatoka chini ya gari, akatandika gunia, akaniambia, "Lala hapa, uone mwenyewe. Nitakuwashia tochi."

Nikamwambia, "Mimi mama mzima, nilale chali chini ya gari, sokoni?"

Akasema, "Basi sawa, Dani." Akalikunja gunia.

Nilichosikia mimi ni mtu anayeongeza kazi. Nimekuja na ugonjwa mmoja, ananipa matatu. Na masega ya kweli aliyosema yaagizwe Kisumu yalikuwa ghali, nikaona hapa naliwa. Nikaondoa gari. Nikampelekea yule mwingine.

Jina lake sitakupa. Tulimwita Msafi, kwa sababu ovaroli yake haikuwa na doa. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili siku ile. Fundi wa magari asiye na doa! Alinipokea kwa kiti na soda. Hakuniambia nilale mahali. Akasema, "Mama mzazi, wewe kaa kivulini. Masega mapya nitakuwekea kwa bei ya kutupa, na kazi ya mikono ni bure. Zile za zamani niachie tu nizitupe, ni takataka."

Awuor, sasa nataka usimame hapo kwenye neno bure, kwa sababu mimi nilipita mbio.

Unajua kabla ya omena nilikuwa Macalder. Nimeponda mawe ya dhahabu na mama yako mgongoni. Na unajua desturi ya mashine za kusagia kule, nimekusimulia ukiwa mdogo. Unapeleka mawe yako, mwenye mashine anakusagia kwa bei ya chini kabisa, wakati mwingine bila chochote, anakuchekea, anakuita dada. Unaosha, unapata punje zako, unashukuru. Lakini mchanga unabaki wake. Hiyo ndiyo sheria ya pale, mchanga huubebi kwenda nao. Na sisi wajinga tuliona ni huruma, mpaka tulipojua kwamba ana dawa zake, anatoa kwenye mchanga ule ule dhahabu nyingi kuliko tuliyoipata sisi. Nililia kwa ajili ya mchanga, mimi. Nikaapa kwamba mtu akinifanyia kazi bure nitamuuliza, unabaki na nini?

Na Msafi akaniambia, niachie zile za zamani. Nikamwachia. Nikampa na samaki juu, mbuta mzima, aende na watoto wake.

Kwa nini sikuona? Nimejiuliza sana. Nadhani nilijua kuwa mjanja kwenye mawe tu. Kitu kilipovaa nguo nyingine, chuma na moshi, nikawa mgeni tena. Na nilikuwa nimechoka kushuku, yule mtu alinipa kiti. Wewe utakuwa na mikono yenye mafuta na miguu inayouma, na siku hiyo hiyo ndipo atakuja wa kukupa kiti.

Gari likaenda kama jipya! Likapanda mwinuko linanguruma. Kelele ilikuwa imeongezeka kidogo, nikasema ni nguvu. Lakini injini ikawa bado inakatakata, na hapo nikakumbuka plagi. Nikarudi kwa Ochola nikiwa nimekaza uso. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Akasema plagi za gari langu atazipata kesho yake, liache lilale. Likalala kwake usiku mmoja. Kumbuka usiku huo.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Sori, bomba la moshi likalegea kwa mashimo ya barabara. Mchomeleaji wa pale, mzee Nyangweso, akalala chini akagonga. Kimya. Akagonga upande wa pili. Kimya. Akasema, "Mama, haya makopo ni matupu. Hayana masega."

Nilisikia damu ikipanda mpaka kwenye nywele.

Akaniuliza, "Nikate moja uone ndani?"

Nikamwambia nimeshaona ya kutosha. Nilikuwa sijaona chochote, Awuor. Nilikuwa nimesimama, mikono kiunoni, nimetazama ziwa.

Nilikwenda kwa Msafi kwanza. Akashika kichwa. "Mama mzazi! Mimi nimekuwekea mpya, wewe mwenyewe uliziona zinang'aa. Hebu niambie, tangu hapo hii gari imelala kwa nani?"

Ona alivyofanya. Hakulitaja jina. Aliacha nilitaje mimi.

Ilikuwa siku ya soko. Nikaingia nyuma kwa wachinjaji, Ochola alikuwa ameinama kwenye injini ya mtu, na mimi nikasimama katikati ya njia nikapiga kelele ile ambayo hapa kwetu haipigwi ovyo. Nilisema, "Mwizi! Mwizi wa masega!"

Watu hata hawakujua masega ni nini. Mwanamke mmoja aliuliza, "Asali ya nani?" Lakini neno la kwanza walilijua wote. Wakaja. Wengine sijawahi kuwaona maisha yangu, wakaja kana kwamba walikuwa wamesimama nyuma ya ukuta wakiningoja. Sanduku lake la vifaa likapinduliwa. Mmoja akaokota bomba. Ochola akainua mkono wa kushoto kujikinga uso, na nikasikia sauti ya mkono ule. Sitakueleza ilivyolia.

Kabla mchinjaji hajamvuta ndani na kufunga mlango, aliniangalia. Alikuwa na damu kwenye nyusi. Hakutukana. Alisema, "Dani, umeangalia?"

Hilo tu. Umeangalia?

Akahama. Wakasema amekwenda Homa Bay kwa dada yake, vidole viwili havinyooki tena. Na mimi nikatembea sokoni kama mama aliyefichua mwizi. Walinipa nafasi nzuri ya kuuzia, Awuor. Ile ninayouzia mpaka leo.

Sasa ukweli nilivyoupata. Mwaka uliofuata nilikwenda Macalder kumwona dada yangu mgonjwa. Nikapita kwa mnunuzi wa dhahabu wa zamani, kusalimia tu, na pale kwenye mzani, mzani ule ule uliopima punje zangu miaka ile, nikamkuta Msafi anamwaga gunia. Vipande vya kijivu. Vyenye vitundu vidogo vidogo. Mnunuzi akaniambia, kama mtu anayemwonyesha mwenzake wa kazi, "Siku hizi tunanunua na hizi pia. Za magari. Ndani kuna madini, ghali kuliko hata ya kwetu." Msafi akaniona. Akanisalimia vizuri sana, akaulizia gari.

Mchanga wangu. Nilikuwa nimeuacha tena kwa mwenye mashine.

Hata hapo nilikuwa bado na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa baya. Nilitumaini wote wawili ni wezi. Nikaenda mpaka Sori kwa mzee Nyangweso nikamwambia, kata. Safari hii nililala chini, na gauni langu la kanisani. Akakata kopo. Ndani lilikuwa linang'aa kama sufuria ya dukani. Akapitisha kidole. "Ona, mama. Kama masega yangekuwapo yakatolewa, kungekuwa na alama yalipokaa, na ile pamba ngumu inayoyashika. Na kopo lingekuwa limepasuliwa likachomelewa tena. Hili halijawahi kuguswa. Limetengenezwa tupu."

Halikuibiwa kitu, mjukuu wangu. Hapakuwa na kitu cha kuiba. Ochola alibadilisha plagi, akafunga boneti, akalala.

Na unajua nilifanya nini baada ya kujua? Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa, ukitaka kujua lipi kati ya yote. Yale mengine yalikuwa ujinga na hasira, lakini hili nililifanya nikiwa nimetulia, siku baada ya siku, kwa miaka miwili. Nilimwita mtu mwizi mbele ya soko zima, kisha nikamwomba msamaha moyoni, mahali ambapo hakuna anayenisikia. Niliogopa ile nafasi ya kuuzia. Niliogopa watakaosema, kumbe ni yule mama. Nilimshuku kila mtu Migori nzima isipokuwa huyu mwanamke anayevaa viatu vyangu.

Mama Zuhura ameacha kuandika. Anauliza, "Bibi, hili pia niliandike? Mtoto atakuheshimu tena?" Nimemwambia andika, na usiniite bibi, mimi na wewe tumepishana mwaka mmoja.

Na kuna jambo jingine. Ile spana ya jikoni, unayovunjia njugu tangu ulipomaliza shule. Ni ya Ochola. Siku ile watu walipopindua sanduku niliiokota kati ya miguu yao. Nilijiambia nitaishika mpaka arudishe masega yangu. Kwa hivyo ukihesabu vizuri, siku ile Suna kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeondoka na kitu cha mwenzake.

Ndiyo maana sikufurahi ulipotaja jina lake. Nikamtuma yule mwalimu wako, bila wewe kujua, akamwambie Ochola huyu msichana ni mjukuu wa nani. Nilitaka akukatae mapema, ukiwa bado nyumbani. Jibu likarudi: "Mwambie aje."

Nimelala na hayo maneno mawili wiki tatu. Mwambie aje, kwa nini? Anataka kunilipa kupitia wewe? Atakufagisha mwaka mzima bila kukuonyesha injini? Au anataka watu wa Homa Bay waone mjukuu wa nani anambebea ndoo? Nimeyageuza kama mtu anayegeuza shilingi anayodhani ni bandia. Sijui. Huenda ni mtu mwema tu, lakini mimi sina macho ya kumwona mtu mwema haraka, nimeyaharibu.

Kwa hivyo mshuku, siwezi kukuambia usimshuku. Akikutuma chini ya gari lililosimama kwenye jeki bila magogo, toka, rudi nyumbani, sitauliza kitu. Akikuita mrembo kabla hajakuita fundi, toka. Lakini Awuor, shuku ukiwa umelala chini, na tochi mkononi. Kopo likiwa mbele yako, likate. Ukiona nimesema mtu ni mbaya, mimi Dani wako, niulize kama nimeangalia. Nitakasirika. Niulize tena.

Sasa ya kesho. Hutapanda gari la abiria. Nimemwambia dereva atie mafuta lile la babu yako, na mimi nitakaa mbele. Najua unachofikiri: Dani ataniharibia nafasi. Inawezekana. Amekuita wewe uje, hakuniita mimi. Anaweza kuona uso huu akafunga lango, na ile ndoto yako ya kuwa fundi ikaishia pale mlangoni kwa sababu yangu. Nimewaza nikuache uende peke yako na spana kwenye mfuko, umpe, useme Dani anakusalimia. Mama Zuhura anaona hivyo ndivyo bora. Lakini hapo ungekuwa wewe unayebeba, na mimi ningebaki nimekaa kivulini na soda yangu.

Nitaingia uwanjani kwake mchana, wateja wakiwapo. Nitasema jina lake, nitasema hakuiba, nitasema ni nani aliyepiga kelele. Kwa sauti ile ile, bado ninayo. Kisha Jumapili ya soko nitasema tena Suna, pale pale nyuma ya wachinjaji, na nafasi ya kuuzia waichukue wakitaka. Akinifukuza, nitakwenda kukaa garini. Wewe usinifuate. Baki umesimama pale uone kama atakupa ovaroli.

Na akikupa, mwombe kitu kimoja kwa niaba ya gari la babu yako. Makopo ya Msafi bado yako chini yake, moja limekatwa na kuchomelewa. Masega ya kweli nimeyaagiza, mawili, yamo kwenye maboksi nyuma ya kiti, sijayafungua ili tuyafungue mbele yake. Yafungwe na wewe, yeye akisimamia. Ya ndani tuyatazame yote kabla hayajapanda, kisha piga alama zangu tatu kwa patasi kwenye kila kopo, kama nilivyokuwa nikitia mafundo matatu kwenye magunia yangu ya mawe.

Spana nimeisugua kwa majivu, imefungwa kwenye leso yangu. Hiyo nitampa mwenyewe, mkono wake wa kulia.

Pembeni ya maboksi utaona gunia jipya, limekunjwa. Usilitie nguo zako ndani. Ni la kutandika chini ya gari. Nitalala mimi, na nitamwomba aniwashie tochi.

Ni mimi,
Dani wako